Yeye Asimamaye Mstarini

Tuko Garissa, ng'ambo ya daraja la Tana, ambako saa hizi jua limekuwa kali hata kuku wamekimbilia kivuli cha mwarobaini. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mtu ambaye huenda hamjapata kumsikia akitajwa katika kipindi kama hiki. Si mfalme wala si nabii. Ni mshika kibendera.

Jumamosi moja, si muda mrefu uliopita, tulikwenda uwanjani kutazama vijana wa bulla mbili wakicheza mpira. Mnaujua uwanja wa namna ile. Nyasi hakuna. Mistari imechorwa kwa majivu, na ukija upepo wa saa tisa nusu ya mstari huondoka nao. Watazamaji hawana viti wala uzio, basi husimama juu ya mstari wenyewe, na kila mpira ukikaribia wanasogea ndani hatua moja. Mshika kibendera upande wetu alikuwa kijana wa jirani yetu, wa miaka kumi na tisa, mtoto wa nyumba ya Kiislamu ambayo tumekula nayo Idi na wao wamekula nasi Krismasi. Kibendera chake kilikuwa kipande cha leso nyekundu kilichofungwa kwenye kijiti.

Zikiwa zimebaki dakika chache, vijana wa upande wetu walitia bao. Watu wakaruka, wakakumbatiana. Kisha tukaiona ile leso nyekundu iko juu. Ameotea. Bao hakuna.

Hapa, ndugu zangu, yatupasa kusema kweli. Sisi tulipaza sauti. Tulimwita kipofu. Neno hilo lilitoka kinywani mwetu, sisi tuliokuwa na mahubiri ya kesho yake tayari mezani. Wengine walisema maneno mabaya zaidi, wakauliza yeye ni wa ukoo gani na amelipwa na nani. Kisha likaja jiwe. Hatukulirusha sisi, wala hatukumwona aliyelirusha. Lilimpiga juu ya jicho la kushoto akaanguka kwa magoti, na kibendera kikawa chini yake. Alishonwa nyuzi sita. Mganga alisema lingeshuka upana wa kidole kimoja tu, jicho lingekwenda.

Jioni tulikwenda kumpa pole mama yake. Alituletea chai ya maziwa kama kawaida, akanyamaza kitambo, halafu akauliza, "Mchungaji, nyinyi mlikuwapo?" Tukajibu, "Ndiyo, mama, tulikuwapo." Hakuuliza zaidi. Swali lile tulirudi nalo nyumbani, tukalala nalo.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuulizauliza habari za watu hawa wasimamao mstarini. Tulidhani shida ni ya kwetu tu, kwa kuwa hatuna uzio na jua linatupanda kichwani. Sivyo. Hata katika mchezo wa kitajiri uitwao tenisi, ambao watazamaji wake huombwa wanyamaze mpira unapochezwa, mshika mstari amepata kuumizwa, na mmoja alikufa.

Kwa wale wasioufahamu mchezo huo, tueleze kidogo. Wachezaji wawili husimama kila mmoja upande wake wa neti, wakipigiana kwa raketi mpira mdogo wenye uzito wa gramu 58 hivi. Wachezaji hodari huupiga ule mpigo wa kwanza kwa mwendo unaopita kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao hakuna basi la Mandera litakaloufikia. Mwamuzi mkuu hukaa juu ya kiti kirefu. Chini yake, katika mashindano makubwa, walikuwa wakiwekwa hata watu tisa kuzunguka uwanja, kila mmoja na mstari wake. Huyo haangalii mchezo. Huangalia mstari. Huinama, mikono magotini, macho yamekazwa pale chini, mpira utue ndani au nje.

Kazi hiyo sisi tuliionja kidogo. Katika chuo cha theolojia tulichosomea palikuwa na uwanja mkongwe wa tenisi, saruji imepasuka na neti ina matundu ya kupitisha mbuzi. Mmoja wa walimu wetu aliupenda mchezo, akawa akituita wanafunzi kusimama mistarini. Kutamka "nje" juu ya mpira wa mtu atakayesahihisha mtihani wako wa Kiyunani si jambo jepesi. Twakiri kwamba mipira yake mingi ilikuwa ndani.

Basi, tarehe 10 Septemba 1983, huko New York, katika mashindano ya wazi ya Marekani, kijana wa Kiswidi jina lake Stefan Edberg alikuwa akicheza upande wa vijana. Alikuwa na miaka 17, na mwaka ule alishinda mashindano yote manne makubwa ya vijana duniani. Mshika mstari wa kati alikuwa mzee aitwaye Dick Wertheim, ameketi kitini. Edberg akapiga mpigo wa kuanzia, mpira ukapotea njia ukampiga mzee yule chini ya tumbo. Akaanguka kutoka kitini, kichwa kikagonga sakafu ngumu. Alifariki tarehe 15, siku tano baadaye. Jamaa zake waliwashitaki waliosimamia tenisi ya Marekani, wakapewa fidia katika mahakama ya kwanza, lakini mahakama ya juu ikaitangua hukumu hiyo.

Je, kijana yule ni mwuaji? Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 19. Musa anatoa mfano wa watu wawili waliokwenda mwituni kukata kuni. Mmoja ameinua shoka, chuma kikachomoka mpinini kikamwangukia mwenzake akafa. Hapakuwa na chuki kati yao tangu zamani. Mtu huyo apewe mji wa kukimbilia, asije akauawa na ndugu wa marehemu kabla hasira haijapoa. Edberg ni mwenye shoka. Alikuwa akiifanya kazi yenyewe ya mchezo, na chuma kilichomoka.

Lakini tusiishie hapo, maana Torati ile ile ina mfano mwingine katika Kutoka, sura ya 21. Huo ni wa ng'ombe mwenye pembe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, mwenyewe hana hatia. Ila ikiwa ng'ombe huyo amezoea kupiga watu, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, hapo hatia inampanda mwenye ng'ombe. Sisi tunaoishi na mifugo twaelewa vizuri kuliko wenzetu wa mjini. Ngamia dume wakati wa kupandana huwezi kumwacha azurure sokoni kisha useme hukujua.

Tarehe 17 Juni 2012, jijini London, David Nalbandian wa Argentina alikuwa katika fainali ya mashindano ya Queen's. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza. Akapoteza pointi, akakasirika, akaupiga teke ubao uliozunguka kiti cha mshika mstari. Ubao ukapasuka ukamchana mzee wa watu mguuni, damu ikatiririka mbele ya maelfu ya watu. Nalbandian akatolewa, na kombe likaenda kwa Marin Cilic. Huyu hakuwa akicheza. Shoka halikuchomoka. Alipiga teke.

Mwaka 2017, tarehe 5 Februari, mjini Ottawa, kijana wa Kanada Denis Shapovalov, wa miaka 17 vilevile, aliupiga mpira kwa hasira bila kuangalia unakokwenda. Ukampata mwamuzi mkuu, Arnaud Gabas wa Ufaransa, jichoni. Mfupa wa chini ya jicho ulivunjika. Kijana alitolewa, na nchi yake ikashindwa na Uingereza.

Kisha lile lililojulikana kuliko yote. Novak Djokovic alikuwa mchezaji wa kwanza duniani. Mwaka 2016 huko Paris aliibamiza raketi kwa hasira, ikaruka nyuma, na mshika mstari akaponea chupuchupu kwa kukwepa. Mwaka huo huo jijini London aliupiga mpira kuelekea kwa watazamaji. Alipoulizwa na waandishi alikasirika, akaona wanafanya jambo dogo kuwa kubwa. Halafu, tarehe 6 Septemba 2020, New York, akiwa nyuma ya Pablo Carreño Busta katika seti ya kwanza, alitoa mpira mfukoni akaupiga nyuma yake bila kutazama. Ukampiga mama mmoja mshika mstari kooni. Mama yule akaanguka, akishindwa kuvuta pumzi. Djokovic alijitetea kwamba hakukusudia, na sisi twaamini hakukusudia. Lakini kanuni haikumwuliza kama alikusudia. Ilimwuliza kama alijali. Akatolewa mashindanoni. Ng'ombe alikuwa ameonywa tangu 2016.

Na jambo ambalo lilitusikitisha zaidi lilikuja baadaye. Mama yule alipotajwa jina katika magazeti, mashabiki wakamfuata kwa matusi kwenye mitandao. Yeye aliyepigwa! Twashukuru kwamba Djokovic mwenyewe aliwaomba watu wamwonee huruma na kumtia moyo.

Sasa wenye tenisi wamepata dawa yao. Wameweka mashine. Kamera huutazama mpira, na sauti iliyorekodiwa hutamka "nje". Tangu 2025 mashindano ya ngazi ya juu ya wanaume, yale ya chama cha wachezaji, hutumia mashine hizo, na mwaka huo huo Wimbledon nayo, baada ya miaka mia na zaidi, ikawaaga washika mistari wake. Wafaransa peke yao, katika mashindano yao makubwa ya Paris, walibaki na watu mwaka ule. Wanasema mashine hazikosei sana. Huenda. Mashine haishonwi nyuzi, hilo ni kweli. Ila sisi hatuoni kwamba kumwondoa mtu ndiyo njia ya kumlinda. Na hata tungetaka, mashine hizo hazitafika Garissa mwaka huu wala mwaka ujao. Hapa kwetu mstari utashikwa na mtoto wa mtu.

Na kwetu ni mpira wa miguu, ambao hatari yake si mpira bali ni watu. Huko Uholanzi, mjini Almere, tarehe 2 Desemba 2012, baba mmoja aitwaye Richard Nieuwenhuizen, wa miaka 41, alijitolea kushika kibendera katika mchezo wa timu ya mwanawe. Mchezo ulipokwisha, vijana wa timu ya wageni walimwangusha wakampiga mateke. Alikufa siku iliyofuata. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita, pamoja na baba wa mmoja wao aliyepewa miaka 6 gerezani. Baba huyo, angewashika vijana mikono badala ya kujiunga nao, mambo yangekuwa mengine.

Ndipo tunapowafikiria wazee wa hapa kwetu, wa Kisomali. Wao wana utaratibu wa diya, ambao kwa desturi ya zamani huhesabu uhai wa mwanamume kwa ngamia 100. Wako wanaouona kuwa ni mambo ya kale, nasi tunayo maswali yetu, hasa juu ya uhai wa mwanamke kuhesabiwa nusu. Lakini kuna hekima moja ndani yake. Halipi yule kijana mwenye kosa peke yake. Hulipa ukoo. Kila mzee anajua kwamba jiwe akilirusha kijana wa nyumba ya jirani, ngamia watatoka katika zizi lake yeye. Kwa hiyo humwangalia kijana huyo kabla hajainama kuokota jiwe. Djokovic alilipa peke yake, na Nalbandian peke yake.

Tulikwenda basi kwa wazee wa bulla zote mbili, na mkufunzi wa timu, na yule mama. Tuliketi chini ya mwarobaini alasiri nzima. Hatukwenda kama waamuzi. Jambo la kwanza tulilosema ni kwamba sauti yetu ilikuwamo uwanjani, nasi tuliomba radhi kwa kijana, macho yake yakitutazama, moja likiwa limefungwa bandeji. Lilikuwa jambo gumu. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alicheka kidogo akasema hajapata kumwona padri akilipa diya. Tukatoa mbuzi mmoja. Bulla yetu ikalipa gharama za hospitali, ingawa aliyerusha jiwe hajajulikana hata leo, kwa sababu hiyo hiyo kwamba hajajulikana.

Kisha tukazungumza juu ya kamba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu ajengaye nyumba mpya anaamriwa kuweka ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Hangoji mtu aanguke kwanza. Na sisi wa makanisa ya Garissa twajua maana ya ukingo. Tangu yale mashambulio ya tarehe 1 Julai 2012, ambapo watu 17 waliuawa katika ibada, tumezoea kumwona askari langoni siku ya Jumapili. Wakati ule viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa. Hatujasahau. Walikuwa tayari kusimama mlangoni petu, nasi tulimwita mtoto wao kipofu alipokuwa amesimama mstarini petu.

Yaliyokubaliwa ni haya. Kamba ya katani ifungwe hatua tano kutoka mstarini, pande zote mbili, na watazamaji wakae nyuma yake. Mawe yaokotwe uwanjani na kandokando yake kabla ya kila mchezo, na timu zote mbili ziyaokote pamoja. Nyuma ya kila mshika kibendera waketi wazee wawili, mmoja wa kila bulla. Mchezaji au mtazamaji akimgusa mwamuzi, mchezo umekwisha, na timu yake imeshindwa, hata kama ilikuwa ikiongoza kwa mabao matano. Juu ya hili la mwisho palikuwa na ubishi mrefu, hasa kutoka kwa mkufunzi wetu, ambaye alisema wapinzani wanaweza kumtuma mtu wao avae rangi zetu na kurusha jiwe. Ni hoja ya maana. Wazee wakajibu kwamba ndiyo maana wao watakaa pale.

Tulimwuliza kijana kama angependa kuendelea. Alisema anataka kusomea uamuzi hasa. Alitutajia dada yetu wa Kenya, Mary Njoroge, aliyeshika kibendera katika Kombe la Dunia la wanawake huko Ufaransa mwaka 2019, na Omar Artan wa Somalia, aliyechezesha katika Kombe la Mataifa ya Afrika huko Ivory Coast Januari 2024. Alitusahihisha pia, kwa adabu, kwamba siku hizi hawaitwi washika vibendera. Tangu 1996 sheria za mpira zinawaita waamuzi wasaidizi. Sisi tumeendelea na jina la zamani kwa mazoea tu, atusamehe.

Mama yake hakufurahi. Alisema, "Kamba haizuii jiwe." Hatukuwa na jibu la kumpa. Kamba haizuii jiwe, ni kweli, mwenye kuzuia jiwe ni mtu aliyekaa karibu na mkono unaolishika. Tulimwambia tutakaa pale sisi wenyewe. Akasema, "Haya, tutaona."

Jumamosi iliyopita palikuwa na mchezo. Tulifika mapema tukaokota mawe, tukajaza karai tatu. Kamba ilifungwa, ingawa mbuzi wawili walipita chini yake mara kwa mara na hakuna aliyewatoza faini. Kijana alisimama upande ule ule, kovu likionekana vizuri. Sisi tuliketi nyuma yake, pamoja na mzee wa ndevu za hina, juu ya mkeka mmoja. Kipindi cha pili aliinua leso yake dhidi ya timu yetu, na kutoka tulipokaa tuliona wazi kabisa kwamba safari hii alikosea. Mchezaji wetu hakuwa ameotea. Watu wakaanza kuguna. Mzee akatutazama, nasi tukamtazama yeye. Tukaendelea kuketi, na mpira ukaendelea.

Mama yake alikuwa mbali, upande wa barabara, chini ya mwavuli. Hatukujua kwamba angekuja.